Baridi ya puani: Kizuizi kinachomkinga binadamu dhidi ya mafua ya ndege

Na Mwandishi Wetu

KWA zaidi ya robo karne sasa, wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza wamekuwa wakikabiliwa na kitendawili kigumu. Virusi vya mafua ya ndege vinavyojulikana kwa jina la H5N1 vimeteketeza kuku, bata na ndege wa porini kwa mamilioni katika sehemu nyingi za dunia. Vimempata binadamu pia, na mara nyingi vikampata vibaya. Lakini mgonjwa huyo, anayekohoa kitandani huku ndugu zake wakimuuguza, kwa kawaida hamwambukizi mtu mwingine.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani, WHO, zinaonyesha kuwa tangu mwaka 2003 zaidi ya watu 950 wamethibitishwa kuambukizwa virusi hivyo, na karibu nusu yao wamefariki dunia. Walio wengi waliugua baada ya kushika, kuchinja au kuishi karibu na ndege wagonjwa. Matukio machache ya maambukizi baina ya ndugu wa karibu yamewahi kushukiwa, lakini hayakuendelea mbali. Wakati huo huo, mafua ya kawaida ya binadamu, ambayo huua sehemu ndogo sana ya wanaougua, huweza kuenea katika shule nzima ndani ya siku chache.

Iweje basi ugonjwa mkali kiasi hicho ushindwe kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine?

Jibu lina sehemu kadhaa. Mojawapo, ambayo haizungumzwi sana nje ya maabara, ni joto. Pua ya binadamu ni baridi mno kwa virusi vilivyozoea utumbo wa ndege. Makala haya yanaeleza jinsi tofauti ya nyuzi chache tu inavyoweza kuamua kama virusi vitaivamia seli ya binadamu au vitashindwa, na kwa nini wanasayansi wanaonya kuwa kinga hiyo isitegemewe milele.

Mwili mmoja, joto tofauti

Tumezoea kusema kuwa joto la mwili wa mtu mwenye afya ni nyuzi 37 za Sentigredi. Kauli hiyo ni sahihi kwa viungo vya ndani, lakini si kwa mwili mzima. Kila tunapovuta pumzi, hewa ya nje, ambayo kwa kawaida ina joto dogo kuliko damu yetu, hupita puani kwanza. Mojawapo ya kazi za pua ni kuipasha joto hewa hiyo na kuitia unyevu kabla haijafika kifuani. Katika kufanya hivyo, pua yenyewe hupoteza joto. Ndiyo maana utando laini wa ndani ya pua na wa sehemu ya juu ya njia ya hewa huwa na joto la nyuzi 32 hadi 33 hivi, ilhali ndani kabisa ya mapafu joto hufikia nyuzi 37.

Kwa maneno mengine, njia ya hewa ya binadamu haina joto la aina moja. Mlangoni pana ubaridi, na joto huongezeka kadiri hewa inavyoshuka kuelekea kifuani.

Kwa ndege mambo ni tofauti. Joto la mwili wa kuku ni takriban nyuzi 41. Aidha, kwa bata na ndege wengine wa majini, ambao ndio makazi ya asili ya virusi vya mafua, virusi hivyo hukaa zaidi utumboni kuliko puani. Huzaliana huko ndani, kwenye joto la nyuzi 40 hivi, kisha hutoka pamoja na kinyesi na kuingia katika maji ya ziwa au bwawa ambamo ndege wengine hunywa. Katika safari yote hiyo, havilazimiki kuzaliana mahali penye ubaridi.

Sasa chukua virusi vilivyolelewa kwa vizazi visivyohesabika katika nyuzi 40, uvitie puani mwa mfugaji. Vinakuta nyuzi 32. Tofauti hiyo ya nyuzi nane inaweza kuonekana ndogo, lakini mkazi yeyote wa pwani anajua kinachotokea kwenye chupa ya mafuta ya nazi. Asubuhi ya baridi mafuta huganda yakagoma kumiminika. Jua likipanda kidogo, huyeyuka yenyewe. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa ila nyuzi chache za joto. Protini za virusi haziyeyuki wala kugandamana kama mafuta, lakini nazo hubadili tabia kwa kiasi kidogo cha joto.

Namna virusi vinavyoivamia seli

Ili kuelewa jambo hili, ni vyema kwanza kufahamu kazi ambayo virusi hulazimika kuifanya. Virusi haviwezi kula, kukua wala kuzaliana vyenyewe. Vinahitaji kuingia ndani ya seli hai na kuigeuza kuwa karakana ya kutengeneza virusi vingine.

Virusi vya mafua vimefunikwa na aina mbili za protini zilizochomoza kama miiba. Ya kwanza huitwa hemaglutinini, ambayo kwa kifupi huandikwa H. Hii ndiyo inayong'ang'ania sukari maalumu iliyo juu ya seli na kuviwezesha virusi kuingia. Ya pili huitwa nyuraminidezi, yaani N. Kazi yake huja mwishoni, pale virusi vipya vinapotaka kutoka. Huikata ile sukari ili visinase kwenye seli vilikozaliwa. Jina H5N1 linatokana na aina za protini hizo mbili.

Baada ya kumezwa na seli, virusi hujikuta ndani ya kifuko chenye uchachu. Uchachu huo huifanya protini H ijikunjue na kuvunja ukuta wa kifuko, na jeni nane za virusi zikaachiliwa. Jeni hizo huingia kwenye kiini cha seli, na huko kimeng'enya cha virusi chenyewe huanza kuzinakili mara nyingi. Kimeng'enya hicho kimeundwa kwa sehemu tatu, zinazojulikana kama PB1, PB2 na PA. Bila ya kunakili, hakuna uzazi.

Kila hatua katika safari hiyo hufanywa na protini, na protini ni uzi mrefu uliokunjwa kwa namna maalumu. Umbo lake ndilo linaloamua kazi yake. Joto likipanda kupita kiasi, mikunjo hulegea na umbo huharibika. Joto likishuka, protini hukakamaa na kazi yake hupungua kasi. Kwa hiyo, kila virusi vina kiwango cha joto ambacho mitambo yake hufanya kazi vizuri zaidi, na kiwango hicho hulingana na mahali vilipozoea kuishi.

Somo kutoka Salisbury

Wanasayansi walilipata somo hilo kwa taabu. Mwaka 1946, Uingereza ilianzisha karibu na mji wa Salisbury kituo cha utafiti wa mafua ya kawaida, yale yanayotoa kamasi bila kumlaza mtu. Watu waliojitolea walikuwa wakiishi hapo kwa siku kadhaa, wakitiwa puani matone yenye makamasi ya wagonjwa, ili watafiti waone nani ataugua na nani hataugua.

Kwa miaka mingi, jitihada za kuviotesha virusi hivyo katika seli za maabara hazikuzaa matunda ya kuridhisha. Seli ziliwekwa kwenye joto la nyuzi 37 hivi, kwa kuwa hilo ndilo joto la mwili. Mwaka 1960, mtafiti David Tyrrell na wenzake walitangaza kuwa wamefanikiwa. Miongoni mwa mambo waliyobadilisha ni joto, ambalo walilishusha hadi nyuzi 33, yaani joto la puani. Virusi vilivyokuwa vikigoma vikaanza kustawi.

Virusi hivyo, ambavyo leo huitwa rainovirusi, ni wenyeji halisi wa pua. Baadaye ilikuja kubainika kuwa baridi haivisaidii virusi peke yake. Huathiri pia ulinzi wa seli. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa seli za njia ya hewa za panya. Waligundua kuwa kwenye nyuzi 37 seli hizo zilitoa haraka ishara za kinga zinazozuia virusi kuzaliana, lakini kwenye nyuzi 33 ishara hizo zilikuwa dhaifu. Hivyo, mgeni wa puani hupata faida mara mbili: mitambo yake hufanya kazi vizuri, na walinzi wa mahali hapo huchelewa kuamka.

Virusi vya mafua ya ndege viko katika hali iliyo kinyume kabisa. Kwao pua ni ugenini.

Jaribio la mwaka 2009

Mwezi Mei 2009, watafiti wa Imperial College London nchini Uingereza na Chuo Kikuu cha North Carolina nchini Marekani walitoa matokeo ya jaribio lililolenga kuupima ugeni huo moja kwa moja. Miongoni mwao alikuwamo Profesa Wendy Barclay, mmoja wa mabingwa wa virusi vya mafua.

Walitumia seli zilizotoka kwenye njia ya hewa ya binadamu na kuziotesha maabara hadi zikawa utando unaofanana na ule ulio ndani ya mwili, wenye vinyweleo vinavyocheza na ute juu yake. Kisha waliziambukiza seli hizo virusi vya mafua vya binadamu na vile vya ndege. Sehemu moja ya seli iliwekwa kwenye nyuzi 37, kama kifuani. Nyingine iliwekwa kwenye nyuzi 32, kama puani.

Kwenye nyuzi 37 virusi vya aina zote mbili vilistawi. Kwenye nyuzi 32 tofauti ilijitokeza wazi: virusi vya binadamu viliendelea na kazi bila ya kutetereka sana, lakini virusi vya ndege vilidhoofika na kushindwa kusambaa vizuri kutoka seli moja hadi nyingine.

Watafiti hawakuishia hapo. Walivichukua virusi vya binadamu na kuvivisha protini za nje, yaani H na N, kutoka kwa virusi vya ndege. Virusi hivyo vya mchanganyiko navyo vilidhoofika kwenye ubaridi, ingawa mitambo yake ya ndani ilikuwa ya kibinadamu. Hilo lilionyesha kuwa udhaifu wa virusi vya ndege haumo katika kimeng'enya cha kunakili peke yake. Hata vazi lake la nje halikutengenezwa kwa ajili ya baridi.

Matokeo hayo yanasaidia kukifafanua kile kitendawili cha awali. Anayepata H5N1 huwa mara nyingi amevuta virusi vingi kwa mkupuo mmoja, kwa mfano wakati wa kunyonyoa kuku mgonjwa. Baadhi ya virusi huvuka ubaridi wa pua na kufika ndani kabisa ya mapafu, penye nyuzi 37. Huko vinakuta joto linalovifaa zaidi. Vinakuta pia sukari ya aina vinayoipenda, kwa kuwa virusi vya ndege hung'ang'ania aina ya sukari ambayo kwa binadamu hupatikana zaidi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu kuliko puani. Ndipo hutokea nimonia kali inayotishia maisha. Lakini virusi vilivyojichimbia chini kifuani havitoki kwa urahisi kwa chafya au mazungumzo. Mgonjwa anazidiwa, na anayemuuguza anabaki salama.

Badiliko moja lenye uzito

Swali linalofuata ni je, kizuizi hicho ni imara kiasi gani?

Mwaka 1993, watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa badiliko dogo sana katika protini ya PB2 linaweza kuviwezesha virusi vya ndege kuzaliana vizuri katika seli za mamalia. Protini ni mnyororo wa vipande viitwavyo asidi amino. Katika nafasi ya 627 ya mnyororo wa PB2, virusi vya ndege kwa kawaida huwa na kipande kiitwacho glutamati, ilhali virusi vingi vya mafua ya binadamu vilivyochunguzwa vina kipande kingine kiitwacho laisini.

Mwaka 2001, watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris waliihusisha nafasi hiyo hiyo na joto. Kimeng'enya chenye kipande cha kindege kilinakili kwa udhaifu kwenye nyuzi 33, lakini kilipobadilishwa kipande hicho kimoja, ubaridi haukukisumbua tena kama awali.

Mwaka 2016, kundi la Profesa Barclay lilieleza sehemu ya sababu. Kimeng'enya cha virusi huhitaji msaada wa protini ya mwenyeji wake iitwayo ANP32A. Protini hiyo kwa kuku ina kipande cha ziada chenye asidi amino 33 ambacho binadamu hana. Virusi vya ndege vilivyozoea kuegemea kipande hicho hujikuta vikipwaya ndani ya seli ya mtu. Badiliko la nafasi ya 627 huviwezesha kuitumia protini ya binadamu jinsi ilivyo.

Ni sawa na kusema kuwa kufuli ipo, lakini jino moja tu la ufunguo likichongwa, kufuli hiyo hulegea. Virusi vya mafua hunakili jeni zake kwa makosa mengi, na kila kosa ni bahati nasibu mpya.

Kufuli zaidi ya moja

Historia inaonyesha kuwa badiliko hilo limekwisha kutokea mara nyingi. Mwaka 1997, H5N1 iliwapata watu 18 mjini Hong Kong, na sita kati yao wakafariki. Serikali ya huko iliamuru kuku wote wachinjwe, zaidi ya milioni moja. Baadhi ya virusi vilivyowapata wagonjwa hao vilikuwa na badiliko la nafasi ya 627.

Mwaka 2005, ndege wa porini kwa maelfu walikufa katika Ziwa Qinghai nchini China. Virusi vilivyowaua vilikuwa na badiliko hilo, na ukoo huo ndio uliosambaa hadi Ulaya na Afrika. Nigeria ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuthibitisha H5N1, mwezi Februari 2006. Kwa hiyo, virusi vilivyoingia barani mwetu vilikuwa tayari vimekwisha kupunguza woga wake wa baridi. Pamoja na hayo, havikugeuka kuwa ugonjwa wa kuenea baina ya watu.

Sababu ni kwamba badiliko hilo peke yake halitoshi. Protini za nje nazo, kama lilivyoonyesha jaribio la mwaka 2009, zinapaswa kubadilika. Ni lazima zijifunze kung'ang'ania sukari ya puani, na ziwe imara vya kutosha kuvumilia safari ya hewani.

Mwaka 2012, mtafiti Ron Fouchier wa Rotterdam nchini Uholanzi alichapisha jaribio lililozua mjadala mkubwa duniani. Aliingiza mabadiliko matatu katika virusi vya H5N1, moja likiwa lile la nafasi ya 627, kisha akavipitisha mara kadhaa puani mwa wanyama wadogo wa jamii ya vicheche, ambao huugua mafua karibu kama binadamu. Hatimaye virusi vikaanza kuenea kwa njia ya hewa kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Vilivyochunguzwa vilikuwa na mabadiliko matano ya pamoja. Mojawapo lilionekana baadaye kuifanya protini H kuwa imara zaidi dhidi ya joto na uchachu.

Wapo waliolilaani jaribio hilo wakisema kuwa linafungua mlango wa hatari, na wapo waliolitetea wakisema kuwa limeonyesha ni alama zipi zifuatiliwe. Pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja: idadi ya mabadiliko yanayohitajika si kubwa.

Tahadhari hiyo ilipata uzito mpya mwezi Machi 2024, pale H5N1 ilipogunduliwa katika ng'ombe wa maziwa nchini Marekani. Mfanyakazi wa shamba la ng'ombe huko Texas aliambukizwa, na virusi vilivyopatikana kwake vilikuwa na badiliko la nafasi ya 627. Dalili yake kubwa ilikuwa wekundu wa macho. Hilo halikuwashangaza wataalamu, kwa kuwa uso wa jicho la binadamu una sukari ya aina inayopendwa na virusi vya ndege. Hadi mapema mwaka 2025, watu 70 nchini humo walikuwa wamethibitishwa kuambukizwa, wengi wao kwa dalili nyepesi, na mmoja alifariki dunia. Hakukuonekana maambukizi ya mtu kwa mtu.

Kwa anayetaka kujua nini hutokea virusi vipya vikiipenda pua, mfano upo. Ugonjwa wa SARS ulipoibuka miaka ya 2002 na 2003 uliwapata watu wapatao 8,000 na kisha ukadhibitiwa. Ndugu yake, virusi vya Korona vilivyoibuka mwaka 2019, viliifunga dunia. Watafiti nchini Uswisi walivilinganisha virusi hivyo viwili katika seli za njia ya hewa ya binadamu na kuchapisha matokeo mwaka 2021. Virusi vya Korona vya mwaka 2019 vilizaliana kwa wingi zaidi kwenye nyuzi 33 kuliko kwenye nyuzi 37, tofauti na vile vya SARS. Zipo sababu nyingine nyingi za tofauti kati ya magonjwa hayo mawili, lakini uwezo wa kustawi mlangoni mwa njia ya hewa ni miongoni mwake.

Homa nayo ni silaha

Joto halina upande mmoja tu. Virusi vya mafua ya binadamu, ambavyo vinavumilia baridi ya pua, hupata taabu joto linapopanda. Mwili hulijua hilo kwa namna yake, na ndiyo maana mtu akiugua hupandisha homa.

Mwezi Novemba 2025, watafiti wa vyuo vikuu vya Cambridge na Glasgow nchini Uingereza walitoa matokeo yanayoeleza jinsi virusi vya ndege vinavyoikwepa silaha hiyo. Katika majaribio ya panya, kuongezeka kwa joto la mwili kwa nyuzi mbili tu kulitosha kuyageuza maambukizi yenye kuua yakawa mepesi, iwapo virusi vilikuwa vya asili ya binadamu. Lakini virusi vilivyobeba jeni ya PB1 ya asili ya ndege havikujali. Kwa kiumbe kilichozoea nyuzi 40 za utumbo wa bata, homa ya mtu ni hali ya kawaida.

Jambo hilo lina historia. Katika magonjwa ya mlipuko ya mafua ya mwaka 1957 na mwaka 1968, yaliyozunguka dunia nzima, virusi vya binadamu vilikuwa vimechanganyika na vya ndege, na miongoni mwa jeni zilizorithiwa kutoka kwa ndege ilikuwamo PB1. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio unaoogopwa zaidi: virusi vinavyostahimili baridi ya pua na wakati huo huo vinavyostahimili homa.

Wanasayansi nao wamejifunza kuitumia tofauti ya joto kwa faida ya binadamu. Kuanzia mwaka 1960, Profesa Hunein Maassab wa Chuo Kikuu cha Michigan alivizoeza virusi vya mafua kuzaliana kwenye joto dogo hadi nyuzi 25. Virusi hivyo vilivyozoea baridi huweza kuishi puani na kuiamsha kinga, lakini hushindwa kwenye joto la mapafu, hivyo havileti ugonjwa mkali. Chanjo ya kupuliza puani iliyotokana navyo iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2003.

Vipi kuhusu sisi wa nchi za joto?

Msomaji anaweza kujiuliza kama jua la Afrika Mashariki linatukinga. La hasha. Joto la pua halitegemei sana kama mtu yuko Mombasa au Moscow kama linavyotegemea ukweli kwamba hewa inayovutwa karibu kila mahali ni baridi kuliko damu.

Joto la mazingira huathiri zaidi jinsi virusi vinavyosafiri. Mwaka 2007, watafiti mjini New York walionyesha kuwa simbilisi, wale wanyama wadogo wafugwao wanaofanana na sungura wasio na masikio marefu, waliambukizana mafua kwa njia ya hewa kwa urahisi kwenye nyuzi 5, lakini si kwenye nyuzi 30. Mwaka uliofuata, watafiti hao hao waliongeza jambo lenye maana kubwa kwetu: simbilisi waliowekwa pamoja katika tundu moja waliambukizana hata kwenye nyuzi 30. Joto liliizuia njia ya hewa, halikuizuia njia ya kugusana. Ndiyo maana katika nchi kama Kenya na Tanzania mafua hayana msimu mmoja wa baridi kama Ulaya, bali huweza kuonekana mwaka mzima.

Ugonjwa wa ndege nao umekwisha kubisha hodi katika ukanda huu. Mwezi Januari 2017, Uganda ilitangaza kuwa ndege wa porini waliokutwa wamekufa kandokando ya Ziwa Victoria, karibu na Entebbe, pamoja na baadhi ya ndege wa kufugwa, walikuwa na mafua ya ndege ya aina ya H5N8. Mwishoni mwa mwaka huo, serikali ya Tanzania ilivichoma moto vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, ikitaja hofu ya ugonjwa huo. Tukio hilo lilizusha malalamiko makubwa pande zote mbili za mpaka, na lilionyesha jinsi ugonjwa huu unavyoweza kugusa mfuko wa mfugaji hata kabla haujagusa mapafu yake.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kuku hulala jikoni au chini ya uvungu, na watoto ndio wanaowalisha. Hapo ndipo hesabu ya bahati nasibu inapofanyika. Kila mtu mmoja anayeambukizwa ni nafasi nyingine kwa virusi kuijaribu baridi ya pua ya binadamu, na kujaribu tena. Kupunguza idadi ya majaribio hayo ndiyo njia ya uhakika tuliyo nayo.

Ushauri wa wataalamu ni rahisi kuufuata. Kuku au bata wakifa kwa wingi bila sababu inayojulikana, wasishikwe kwa mikono mitupu, wasichinjwe haraka ili kuokoa hasara, wala wasiuzwe sokoni. Afisa mifugo wa eneo husika aarifiwe mara moja. Anayelazimika kuwashika ajifunike pua na mdomo, kisha anawe mikono kwa sabuni. Ndege wa kufugwa wasichanganyike na ndege wa porini kwenye maji. Mtu anayepata homa, kikohozi au wekundu wa macho baada ya kushughulika na ndege wagonjwa aende kituo cha afya na amweleze daktari habari za ndege hao, kwa sababu daktari asiyeambiwa anaweza kudhani kuwa ni malaria au mafua ya kawaida.

Kuhusu chakula, joto lenyewe ndilo mkombozi. Virusi hivi vinavyostahimili utumbo wa bata na homa ya binadamu havistahimili chungu kinachochemka. Nyama ya kuku ikiiva hadi ndani kufikia nyuzi 70, mayai yakiiva kiini kikaganda na maziwa yakichemshwa, virusi hufa. Hatari haimo katika sahani ya mlaji, bali mikononi mwa yule aliyemchinja na kumnyonyoa kuku mgonjwa kabla hajafika jikoni.